Mutu si mufuko wa simenti

 

Leo ninataka niwapeleke mbali kidogo, mupaka Marekani, kisha nitawarudisha hapa kwetu. Munivumilie. Tutazungumza juu ya mashindano ya mbio. Ninajua kwamba mutu aliyelala chini ya shitingi inayovuja usiku kucha hana hamu ya habari za mbio. Lakini baba ninayetaka kuwaeleza habari zake alikimbia akisukuma mutoto wake kilema, na kazi hiyo ninyi munaijua kuliko wengi wanaoishi katika manyumba ya matofali.

Kuna mashindano yanayoitwa triatloni. Ni michezo mitatu katika siku moja, bila kulala katikati: mutu anaogelea, akitoka majini anapanda kinga, akishuka juu ya kinga anakimbia kwa miguu. Watu wa Goma wameyajua, sababu tangu mwaka 2022 mashindano ya namna hiyo yamefanyika Rubavu, kule tulikozoea kuita Gisenyi, katika maji ya ziwa hili letu la Kivu. Yale ya Rubavu ni nusu tu ya safari. Safari nzima inaitwa Ironman, maana yake mutu wa chuma. Ilianza katika visiwa vya Hawaii mwaka 1978, watu 15 wakaanza na 12 wakamaliza. Unaogelea kilometa 3,8 katika bahari. Unaendesha kinga kilometa 180, karibu kama kutoka Goma mupaka Bukavu kwa barabara. Kisha, miguu ikiwa imekwisha kuchoka, ndipo unaanza kukimbia kilometa 42.

Sasa muweke mutoto wa kilo karibu 50 ndani ya safari hiyo. Mutoto asiyeweza kutembea, asiyeweza kushika kijiko, asiyesema.

Baba yake aliitwa Dick Hoyt, mama yake Judy. Baba alikuwa askari wa akiba wa jeshi la anga huko Massachusetts. Hakuwa mutu wa michezo wa kulipwa, alikuwa na kazi yake na familia yake kama wewe. Mwaka 1962 walizaa mutoto wao wa kwanza, wakamuita Rick. Wakati wa kuzaliwa, kamba ya kitovu ilimuzunguka shingo, hewa ikakosa kufika kwenye ubongo. Waganga waliwaambia wazazi maneno ambayo wamama wengi hapa wameyasikia kwa namna nyingine: muache huyu katika nyumba ya kulelea walemavu, hatakuwa kitu, muzae mwingine.

Wazazi walikataa. Walikuwa wameona jambo dogo. Kila walipotembea ndani ya nyumba, macho ya mutoto yaliwafuata. Mutu ambaye macho yake yanakufuata, unawezaje kusema hayumo?

Mama Judy alimufundisha alama za kuandika nyumbani, akaenda kugonga milango ya masomo. Wakubwa wa masomo wakasema mutoto hawezi kufahamu. Mama hakunyamaza, akajiunga na wazazi wengine waliotaka sheria ibadilishwe, na mwaka 1972 jimbo lao lilipata sheria ya kuwapa watoto walemavu haki ya kusoma. Rick aliingia katika masomo ya watoto wote mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Miaka 13, ndugu zangu! Wako wamama wanaonisikia ambao watoto wao wangali wanangoja mulango huo huo.

Kabla ya hapo kulitokea jambo linalonichekesha kila mara ninapolikumbuka. Wazazi walikwenda katika Chuo Kikuu cha Tufts kuomba mainjenieri wamutengenezee mutoto mashine ya kusemea. Mainjenieri wakamuangalia, wakasema: ndani ya kichwa hiki hamuna kitu. Baba akajibu: mumuambie maneno ya kuchekesha basi. Wakamuambia. Rick akacheka mupaka wakashangaa. Ndipo mashine ikatengenezwa, kompyuta ambayo herufi zake zinapita moja moja, naye anagonga kwa upande wa kichwa anapoona herufi anayoitaka. Nyumbani walikuwa wakibishana kama neno lake la kwanza litakuwa la kumusalimu mama ao la kumusalimu baba. Rick akaandika maneno ya kushangilia timu ya Boston ya mupira wa barafu! Alikuwa mushabiki miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua.

Tufike kwenye mbio. Mwaka 1977 kijana mumoja muchezaji alipata ajali akapooza, wakatengeneza mbio ya kilometa 8 ili kuchanga franga za kumusaidia. Rick alisikia, akaandika kwa mashine yake: Baba, nataka kushiriki. Mushike neno hilo. Si baba aliyekuwa na wazo. Si mukubwa wa michezo, wala shirika lililokuja na gari. Aliyebebwa ndiye aliyeomba kwenda. Alitaka kumusaidia mutu aliyepooza, yeye ambaye hakuwahi kutembea hata siku moja.

Dick alikuwa na miaka 36 na hakuzoea kukimbia. Walichukua kiti cha magurudumu cha kawaida, kile kizito cha hospitali, wakakimbia. Wakafika karibu wa mwisho, lakini si wa mwisho. Baba aliumwa mwili wote, akasema kwa siku nyingi yeye ndiye aliyekuwa mulemavu. Lakini usiku ule Rick alimuandikia kwamba anapokimbia hasikii tena kama yeye ni kilema.

Kutoka siku hiyo yule baba alianza kujizoeza. Mutoto akiwa masomoni mchana, Dick alitia mufuko wa simenti ndani ya kiti cha magurudumu, akausukuma barabarani. Nimewaza sana juu ya mufuko huo. Simenti ya hapa kwetu ni kilo 50 kila mufuko, na Rick alikuwa karibu hizo kilo. Katika mikono ya baba uzito ulikuwa karibu mumoja. Lakini mufuko wa simenti hauombi kwenda. Ukiuacha njiani hautakutafuta kwa macho. Na haukusaidii kujua kwa nini unakimbia.

Niruhusuni nirudi hapa kwetu kidogo. Mwaka 2021, mwezi wa tano, volkano ya Nyiragongo ilipotoka, na siku tano nyuma, tarehe 27, wakubwa wakatoa amri mitaa kumi ya Goma iondoke, mimi nilikuwa katika ile mistari ya watu waliokwenda Sake kwa miguu. Ni kilometa karibu 25, na muliokuwako munajua vumbi na kelele za siku ile. Mbele yangu kijana mumoja alisukuma chukudu. Juu ya chukudu aliketi nyanya yake, amefungwa kwa kitenge asianguke. Baba mumoja aliyebeba magodoro kichwani akamwambia: “Wee kijana, muzee huyu angebaki kwa jirani, chukudu ingebeba vitu vya familia.” Kijana hakukasirika. Akamwambia: “Baba, mimi sijafika Sake hata mara moja. Yeye ndiye anayejua nyumba tunakoenda.” Na kweli, kila tulipofika kwenye njia panda nyanya alinyosha kidole.

Sikumuuliza jina lake. Nimejuta.

Baada ya miaka michache ya mbio za kawaida, Dick na Rick walitaka kuingia katika mbio kubwa ya Boston. Hapo walikutana na jambo ambalo mashefu na watu wa kamati ningependa walisikie vizuri. Watengenezaji wa mbio walikuwa na kundi la wanaokimbia, na kundi la wanaojisukuma wenyewe katika viti kwa mikono yao. Baba anayekimbia na mutoto anayesukumwa hawakuwa na kundi. Hakuna aliyewachukia. Karatasi tu haikuwa na mustari wao. Mwaka 1981 walikimbia bila kuandikwa. Kisha wakaambiwa: mukitaka kuandikwa, mufikie muda tunaowaomba watu wa umri wa mutoto. Rick alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, kwa hiyo baba mwenye miaka zaidi ya 40 alitakiwa kukimbia kilometa 42 kwa saa 2 na dakika 50, kama kijana, na kiti mbele yake. Mwaka 1983, katika mbio ingine, walimaliza kwa saa 2 na dakika 45. Boston wakawaandika mwaka 1984.

Mutasema wale waliomaliza hivyo ni watu wa ajabu, na karatasi ilikuwa na haki ya kungoja. Mimi sikubali. Kwa kila Dick aliyeweza kukimbia hivyo, kuna wababa elfu wasioweza, na watoto wao wakabaki nje sababu karatasi haikuwa na mustari.

Nimeona karatasi ya namna hiyo. Katika kambi moja, ambayo sitaitaja, waliandika watu kwa ajili ya majeto ya chakula. Amri ilisema kila mutu asimame mbele ya muandikaji. Mama mumoja alikuwa na watoto wanne, na wa pili hawezi kusimama. Kutoka kwenye kibanda chake mupaka kwenye meza ilikuwa njia ya mawe ya volkano, na mwenyewe alikuwa na mutoto mugongoni. Alimuacha kilema ndani, akamutaja kwa jina tu. Muandikaji akasema: simuoni, siwezi kuandika nisiyemuona. Wakaandikwa watu wanne, nao walikuwa watano. Chakula cha wanne kililiwa na watano kwa miezi. Majirani walianza kusema kijana yule anakula cha wenzake. Munaona namna chuki inavyoingia ndani ya nyumba? Haikutoka kwa adui mwenye bunduki. Ilitoka kwenye meza.

Shefu wangu, mukubwa wa mutaa, siku ingine ya kuandika watu, kabla meza haijafunguliwa, tuma vijana wawili wapite vibanda vyote wakiuliza: nani yumo ndani ambaye hawezi kuja? Muandikaji ainuke, amufuate huko aliko. Na mulipojenga vyoo, mulimuuliza mutu mwenye fimbo kama mulango unamutosha? Wale tunaowaona kwenye Petite Barrière, wanaovusha bidhaa juu ya vinga vya mikono, ni walemavu, na wanalisha familia zao kwa kazi ile. Muwaite katika kamati. Wanajua mambo ya njia kuliko sisi wenye miguu.

Turudi kwa Dick. Mwaka 1984 mutengenezaji mumoja wa mashindano alimuona akikimbia, akamwambia: wewe ni wa kufanya triatloni. Dick akajibu kwamba atafanya, lakini na Rick tu. Tatizo lilikuwa kwamba hakujua kuogelea, na kinga hakuipanda tangu utoto. Akajifunza, akiwa na miaka zaidi ya 40, kama mutu muzima anayeanza darasa la kwanza. Mwaka 1985 walimaliza triatloni yao ya kwanza.

Namna walivyofanya ni hivi. Rick alilazwa ndani ya mutumbwi mudogo wa mupira. Kamba ilitoka kwenye mutumbwi ikafungwa kwenye mwili wa baba, naye akaogelea akiuvuta. Walipofika ukingoni, baba alimuinua mutoto kutoka majini, akamubeba mikononi, akakimbia naye mupaka kwenye kinga yenye kiti mbele ya mikono ya kuongozea. Akamufunga vizuri, akapanda, wakaenda. Mwisho wa kinga akamuinua tena, akamuweka katika kiti cha magurudumu, akaanza kukimbia. Wanariadha wengine wanasema pale katikati, unapotoka mchezo mumoja kuingia mwingine, ndipo unapopoteza muda mwingi. Wanahesabu dakika za kubadilisha viatu. Dick alikuwa akibadilisha mutu muzima.

Ninapoangalia picha zile, macho yangu hayaendi kwenye mawimbi wala kwenye mulima. Yanakwenda hapo, ukingoni, wakati baba akiwa amelowa maji ananyosha mikono chini ya mugongo wa kijana wake. Wamama wa kambi munafanya hivyo kila asubuhi: kumutoa kwenye mukeka, kumupeleka choo, kumurudisha, kumuweka juani. Hakuna anayewapigia makofi, na hakuna anayehesabu muda wenu.

Mwaka 1988 walikwenda Hawaii kwa Ironman yenyewe. Wakashindwa. Katika mashindano yale kuna muda wa kutoka baharini, na ukipita hauruhusiwi kushika kinga, hata uwe na nguvu namna gani. Baba alipata taabu majini, muda ukapita, safari yao ikaishia ukingoni. Muwaze: wamejizoeza miaka, wamevuka bahari kwa ndege, na siku ile inakwisha mapema asubuhi mbele ya watu wote. Kama wangetaka sababu ya kuacha, hiyo ilikuwa sababu nzuri.

Mwaka 1989 walirudi. Walitoka majini kwa wakati, wakapita barabara ya mawe meusi ya volkano, mawe kama haya tunayokanyaga sisi, wakamaliza kilometa zote. Kwa jumla wamemaliza Ironman mara 6 katika maisha yao, na mashindano ya kila namna zaidi ya 1 000. Mwaka 1992 walivuka Marekani nzima, kutoka bahari hata bahari, kwa kinga na kwa miguu, siku 45. Rick mwenyewe alimaliza chuo kikuu mwaka 1993.

Wapo waliomuuliza baba: kwa nini usijaribu mara moja peke yako, uone muda gani ungepata? Alikataa siku zote.

Ninajua munasema nini sasa, hasa vijana mulio karibu na redio ya jirani. Munasema: hao ni Wamarekani, wana barabara laini na franga za kununua kinga ya namna ile. Ni kweli, na sitawadanganya kwamba upendo unatengeneza gurudumu. Gurudumu linatengenezwa na fundi, na fundi analipwa. Ndiyo maana nimewaomba mashefu, si wamama peke yao. Mama hawezi kumusukuma mutoto kwenye njia ya mawe makali, hata awe na moyo gani. Lakini vijana kumi wenye jembe, wa kambi na wa kijiji kilichowapokea pamoja, wanaweza kusawazisha njia kutoka vibanda mupaka kwenye bomba la maji kwa siku mbili tatu. Na ninaona faida ingine hapo: wenyeji na wageni waliokuwa wakigombana juu ya bomba watashika jembe moja.

Limebaki jambo moja la kuwaambia juu ya baba na mutoto wale. Dick alipokuwa na umri mukubwa alipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo, kati ya mashindano. Waganga wakapima, wakakuta mushipa mumoja wa moyo umezibika karibu wote, asilimia 95. Wakamwambia kwamba kama mwili wake haungekuwa umezoezwa hivyo, pengine angekufa miaka 15 mbele. Na nani aliyemuzoeza? Kabla ya siku ile Rick alipoandika kwamba anataka kushiriki, baba hakuwa mukimbiaji.

Walikimbia Boston pamoja mara ya mwisho mwaka 2014. Karibu na pahali mbio hiyo inapoanzia, Hopkinton, iko sanamu yao ya shaba, baba nyuma na mutoto mbele, iliyowekwa mwaka 2013. Dick alikufa mwaka 2021, akiwa na miaka 80. Rick alimufuata mwaka 2023, akiwa na miaka 61. Wale waganga walikuwa wamesema hatakuwa kitu.

Siku moja watu walimuuliza Rick: kuna kitu gani ambacho ungetaka kumufanyia baba yako? Akaanza kugonga kwa kichwa, herufi moja, kisha ingine, polepole kama kawaida yake. Akaandika kwamba angetaka baba yake aketi katika kiti, mara moja tu, na yeye amusukume.